Anza na nyumba uliyolala

Miaka kama sita iliyopita nilinunua kitabu pale Sabasaba, kuna jamaa alikuwa anatandaza turubai la vitabu katikati ya mitumba, elfu tano, jalada limeshachanika, kitabu cha kingereza kuhusu ujenzi wa asili wa Afrika. Nikafungua katikati nikakuta tembe. Tembe kabisa la Kigogo, ile nyumba ya udongo ya Wagogo wa Dodoma, limechorwa kama vile umesimama angani unaangalia chini, ukuta unazunguka, katikati ng'ombe, vyumba vimejipanga na vipimo vyake kwa mita. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mi nimelala kwenye tembe mpaka darasa la nne, kwa bibi huko Mvumi, Dodoma, na miaka yote ya sekondari sikuwahi kumwambia mtu kwamba nimekulia nyumba ya paa la udongo.

Sasa watu wananiulizaga waanzie wapi kusoma vitabu vya sanaa, iwe majengo, uchoraji au muziki, na wengi wameshaambiwa waanze na makanisa ya Italia. Mi nasema anza na kitu ambacho mwili wako unakijua tayari. Ukisoma kuhusu nyumba uliyolala, unajua mwandishi kapatia wapi na kakosea wapi, na ukishamkatalia mwandishi hata mara moja tu hivi, kitabu cha majengo ya Paris hakikutishi tena.

Mfano paa. Kile kitabu kilisema paa la tembe ni bapa, miti imelazwa na udongo juu yake, kwa sababu huku mvua ni kidogo na ya msimu mmoja tu. Sawa, kweli. Ila nilivyoenda Mvumi na kitabu mkononi nikamsomea bibi, akaniuliza, "Na mtama tungeanika wapi, mjukuu wangu?" Nikakumbuka, kumbe nilikuwa napanda huko juu kila mwaka baada ya mavuno kufukuza kuku! Paa lilikuwa uwanja wa pili wa nyumba na mwandishi hakuliona hilo. Toka siku hiyo kila jengo naliuliza kuhusu paa lake. Nikasoma kuhusu soko la Kariakoo, lile jengo kubwa alilolichora msanifu majengo Beda Amuli miaka ya 70, paa lake ni kama miamvuli ya zege iliyogeuzwa, maji ya mvua yanakusanyika juu yanateremka ndani ya nguzo. Nimepita pale nimebeba mizigo sijui mara ngapi na sijawahi kunyanyua kichwa. Tembe linaishi na mvua kidogo, Kariakoo inaidaka mvua nyingi ya pwani, na mi naona ni mazungumzo yale yale, ndo maana nakwambia usisome majengo peke yake au muziki peke yake, changanya, kimoja kinakufungua masikio kwa kingine.

Kwenye muziki sheria yangu ni moja, usisome ukurasa bila kusikiliza. Mara ya kwanza kumsikiliza Hukwe Zawose kwa simu, mwanamuziki, Mgogo mwenzetu wa kijiji cha Doduma aliyefariki 2003 Bagamoyo, niliona ilimba yake, kile chombo cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, inakwaruza, ina mlio kama wa nyuki, nikadhani spika imepasuka nikabadilisha simu. Mlio ukabaki vile vile. Baadaye ndo nikasoma kwamba kwenye lile sanduku la ilimba kuna vitundu vinazibwa na utando wa buibui, na ule mtetemo unatafutwa kwa makusudi, bila huo fundi anaona chombo hakijakamilika. Nilisikiliza tena usiku ule na masikio mengine kabisa. Bando liliisha lakini sikujali.

Kama kingereza kinakusumbua anza na Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, ni kitabu chembamba, Kiswahili chake kitamu, na unamuona binti wa kijiji cha Fumba, Zanzibar, aliyekuwa anauza vyungu akafika mpaka Bombay 1928 kurekodi santuri. Maktaba ya mkoa ulizia, usione aibu kumsumbua mkutubi. Vile vya kingereza mi nasoma maelezo ya chini ya picha kwanza, yote, kitabu kizima, ndo narudi mwanzo, na neno nisilolijua naliandika kwenye daftari halafu namtafuta fundi au mzee anipe jina analotumia yeye. Taratibu lakini inakaa kichwani.

Na ukisoma kuhusu michoro ya kale ya miambani kule Kondoa, nenda. Ni mkoa wetu huu huu na lami ipo, pale Kolo unalipia ofisini unapewa wa kukuongoza. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili ile michoro 1951 na kitabu chake kikatoka 1983, nakala zake ziko safi, watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, kila mstari unaonekana. Ukifika kwenye mwamba wenyewe unaona doa tu. Usikate tamaa, kaa nusu saa, jicho linazoea, mtu anatokea, mwingine anatokea. Halafu utaambiwa bado kuna watu wanakuja hapo kwa matambiko ya mvua, wakati kwenye kitabu mahali panaonekana kama pamekufa zamani. Hilo liliniuma kidogo.

Bibi aliniuliza swali lingine siku ile. Aliliangalia lile tembe la kwenye kitabu muda mrefu, akafuata ukuta kwa kidole mpaka mlangoni, akasema, "Huyu aliyechora, aliingia kwa nani?" Tukatafuta wote. Jina la mchoraji lipo, jina la mchapishaji lipo, mwenye nyumba hayupo. Kwa hiyo sa hivi nikifungua kitabu chochote cha sanaa naanza kumtafuta huyo, mwenye nyumba, mwenye ngoma, fundi aliyechonga, na nikimpata kwa wazee namwandika kwa penseli pembeni ya picha. Kwenye kile cha elfu tano bado sijampata. Bibi anasema kwa jinsi zizi lilivyokaa huenda ni upande wa kijiji cha Handali, nasubiri mvua ziishe niende nikaulize.