Maswali na Majibu: Huduma kwa Jamii na Masomo ya Chuo Kikuu

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Ninasomea uhasibu, mwaka wa pili. Muhula huu mhadhiri wetu ametutaka kila mmoja atimize saa 40 za huduma kwa jamii, na saa hizo zitahesabiwa katika alama za somo. Mimi nimepangiwa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Je, jambo la lazima laweza kuitwa kujitolea? Na nitajifunza nini huko ambacho sitakipata darasani, ilhali mitihani inakaribia?
Mwanafunzi wa Uhasibu

JIBU: Swali lako la kwanza lina jibu fupi: hapana. Kazi inayokupatia alama ni sehemu ya masomo yako, na ni vyema uwaeleze hivyo wanakikundi tangu siku ya kwanza, wasije wakadhani wanafanyiwa hisani. Hata hivyo, ulazima hauiondolei kazi hiyo thamani. Nchini Mexico mwanafunzi wa chuo kikuu hutakiwa kutimiza angalau saa 480 za huduma kwa jamii kabla ya kupewa hati ya taaluma yake, na utaratibu huo umedumu kwa miongo mingi.

Swali la pili ndilo lenye uzito. Mwaka 1967 Wamarekani wawili, Robert Sigmon na William Ramsey, walianza kutumia jina linalounganisha huduma na kujifunza, na mwaka 1979 Sigmon akaweka kanuni 3 ambazo mpaka leo sijaona zilizo bora zaidi: wanaohudumiwa ndio wenye kauli juu ya huduma wanayopewa, huduma iwaache wakiwa na uwezo zaidi wa kujihudumia na kuwahudumia wengine, na anayehudumia naye ni mwanafunzi, mwenye sauti katika yale anayotarajiwa kujifunza. Soma kanuni ya kwanza mara mbili, kwa maana ndiyo inayovunjwa kila siku.

Tazama jinsi inavyoweza kukugusa wewe mwenyewe. Huko utakuta daftari lililopigwa mistari kwa mkono, lenye safu ya majina, safu ya hisa na safu ya mikopo, huku marejesho yakiwa yameandikwa pembeni kwa wino wa rangi nyingine. Jicho la mhasibu litaona kasoro papo hapo: riba imechanganywa na mkopo wenyewe, faini hazina safu yake, na jumla ya ukurasa mmoja haikuhamishwa kwenda unaofuata. Utatamani kuhamishia kila kitu kwenye kompyuta usiku huohuo. Usifanye haraka. Uliza kwanza daftari hili husomwa na nani, na husomwa lini. Huenda ukaambiwa kwamba husomwa kwa sauti katika kila mkutano, fedha zikihesabiwa mezani mbele ya wote, na kwamba hata mwanachama asiyejua kusoma hukumbuka kiasi chake kwa kichwa na kukipinga hapohapo kikitajwa vibaya. Huo ni ukaguzi wa hesabu, tena unaofanywa na wenye mali. Ukizifungia hesabu hizo ndani ya kompyuta ya mtu mmoja, utakuwa umezinyoosha tarakimu na kuwanyang'anya wanachama macho yao. Pengine msaada unaohitajika ni safu mbili tu za nyongeza katika daftari lilelile, na katibu akizoea kuzijaza mwenyewe, kanuni ya pili nayo imetimia.

Somo hilo halitakujia kwa kuhudhuria tu. David Kolb, mtaalamu wa elimu wa Kimarekani, alieleza mwaka 1984 kwamba ujuzi hupitia hatua 4, yaani tukio lenyewe, kulitafakari, kupata wazo la jumla, kisha kulijaribu wazo hilo, na wanafunzi wengi huishia ya kwanza. Kwa hiyo weka shajara. Sentensi kama "leo nimejifunza mengi" haitakufaa kitu. Andika kile ulichokiona, ulichodhania, nani alikukosoa na kwa maneno gani, halafu mada gani ya darasani inaeleza jambo hilo au inashindwa kulieleza. Hayo yaandike siku ileile, kabla kumbukumbu haijaanza kukupendelea. Kuhusu mitihani, panga saa zako mapema na wanakikundi, wala usizirundike katika wiki za mwisho, kwani wao pia wana shughuli zao.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, sisi ni wanafunzi tunaofundisha hisabati katika kituo cha watoto kwa hiari yetu, bila alama yoyote. Muhula unaisha baada ya wiki 4 na hatujui kama tutarudi. Msimamizi wa kituo hutupokea kwa heshima, lakini haonekani kutufurahia. Tumekosea wapi?
Wanafunzi Wanaojitolea

JIBU: Inawezekana hamjakosea lolote, ila msimamizi ameshaona makundi mengi yakija na kuondoka. Mwezi Aprili mwaka 1968, Ivan Illich, padri na mwanafikra aliyeishi Mexico, aliwaambia wanafunzi wa Kimarekani waliotaka kwenda kujitolea nchini humo kwamba waje kutazama, kusoma na kupanda milima, lakini wasije kusaidia. Kwangu mimi alipita kiasi, maana mtoto aliyeshindwa kuelewa hesabu za sehemu, akakaa na mtu mwenye subira mpaka akaona mwenyewe kwamba theluthi ni kubwa kuliko robo, amepata kitu cha kweli. Lakini alikuwa sahihi kwamba nia njema ya mgeni huweza kuwa mzigo kwa mwenyeji, ambaye hulazimika kupanga ratiba, kuwaelekeza wageni na kuwatuliza watoto wanapoondoka.

Nendeni mkamuulize faraghani ni kazi gani mnamwongezea, na mkubali jibu lake bila kujitetea. Tarehe ya mwisho waambieni watoto sasa, si siku ya kuagana, na asiwepo hata mmoja wenu atakayesema "tutarudi" iwapo hana hakika. Wiki zilizobaki zitumieni kumwandikia msimamizi maelezo ya kila mtoto: amefika mada gani, anakwama wapi, mfano upi ulimsaidia. Maelezo hayo yabaki kituoni, mikononi mwake, ili atakayefuata aanzie mlipoishia.