Kabla hujalipia apu nyingine, kachukue kadi ya maktaba

Dada umeuliza kama ulipie apu ya tatu ili uone tamthilia za kipolisi za Uingereza huko Marekani uliko, mi nakwambia subiri kwanza, nenda maktaba ya mtaani kwako ukachukue kadi, bure kabisa, halafu waulize kama wana Kanopy au Hoopla, apu za kuonea filamu na tamthilia kupitia maktaba, unaingia kwa namba ya kadi unacheki kwenye simu bila kutoa hata senti. Ila ujue kuna kikomo kwa mwezi, usimalize vyote wikendi moja. Wasipokuwa nazo azima DVD, deki tafuta ya mtumba kama nilivyofanya mimi.

Anza na Happy Valley, sizoni tatu za episodi sita sita, 2014, 2016 na 2023, Sarah Lancashire ni sajenti huko Yorkshire na yule mama anaigiza mpaka unasahau kama anaigiza. Weka sabtaito, lafudhi yao balaa. Halafu kuna Broadchurch, nayo ya kipolisi, sizoni ya kwanza moto, ya pili ile kesi wameivuta mno kwa kweli. Ukimaliza njoo utuambie umeionaje, ila muuaji usimtaje jamani, wengine ndo kwanza tuko episodi ya tatu