Kombinesheni bora NFL: tachidauni 112 zinatosha kumaliza ubishi?

SWALI: Shikamoo kocha. Niko Mwanza, mpira niliokulia ni wa Simba na Yanga, ila siku hizi usiku natazama NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, kwenye simu. Nimeona kwamba Peyton Manning, mrushaji, na Marvin Harrison, mpokeaji, wana rekodi ya tachidauni 112 wakiwa pamoja, yaani mara 112 pasi ya Manning ilidakwa na Harrison ikafika eneo la mwisho la wapinzani na kuleta pointi. Rafiki yangu anabisha, anasema hakuna kama Joe Montana na mpokeaji wake Jerry Rice wa San Francisco 49ers. Ninyi wataalamu mnapimaje kombinesheni ya mrushaji na mpokeaji? Halafu nisaidie na hili: mbona mara nyingi mpira unarushwa mahali ambapo hakuna mtu?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho, maana ukilielewa, nusu ya ubishi wenu imekwisha.

Mpokeaji hakimbii tu anakotaka. Kila mchezo una njia yake iliyochorwa. Tuseme ameambiwa aende yadi 12 mbele, kisha akate ghafla kuelekea mstari wa pembeni. Wakati huohuo kotabeki, yaani mrushaji, anarudi nyuma hatua 5. Hatua ya tano ikigusa chini, mpira unatakiwa utoke mkononi. Tazama marudio ya polepole: mpira uko hewani na mpokeaji bado kampa mrushaji mgongo. Akingoja mwenzake ageuke ndipo arushe, beki keshafika. Kwa hiyo anarusha kwenye nyasi tupu, kwa imani kwamba kuna mtu atatokea pale.

Mimi nafundisha wapokeaji wa shule ya sekondari huku Marekani. Kila msimu, wiki za mwanzo, kijana mgeni anageuka na kukuta mpira uko usoni, paa, kwenye kofia. Simgombezi. Narudisha wote wawili waanze upya, mrushaji yuleyule na mpokeaji yuleyule, mpaka kichwa kigeuke kwa wakati wake.

Sasa namba. Hizo 112 ni za kweli, na ni za msimu wa kawaida tu, bila mechi za mtoano. Walicheza pamoja Indianapolis Colts kuanzia 1998 hadi 2008, pasi 953 zilizodakwa, yadi 12,766. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba Harrison karibu siku zote alipangwa upande wa kulia. Beki alijua atamkuta wapi, alijua anayerusha ni nani, na bado aliachwa hoi.

Lakini idadi inategemea mambo mengi nje ya hao wawili. Hadi 1960 msimu wa NFL ulikuwa wa mechi 12, ukawa 14, na mwaka 1978 ukafika 16. Mwaka huohuo wa 1978 sheria ikabana mabeki: kumgusa mpokeaji ikaruhusiwa ndani ya yadi 5 za mwanzo tu. Zamani beki aliweza kumsukuma njiani mpaka ratiba nzima ya hatua zile 5 ikavurugika. Mwaka 2004 waamuzi wakaagizwa kuikazia sheria hiyo, na msimu huohuo Manning akarusha tachidauni 49, akaivunja rekodi ya Dan Marino ya 48. Sisemi alibebwa. Nasema usimpime mtu wa 2004 na wa 1958 kwa rula moja.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kuwatenganisha. Mmoja akiwa bila mwenzake, anabaki na nini?

Hapo ndipo rafiki yako anapopata shida. Montana alimpa Rice tachidauni 55 za msimu wa kawaida. Montana akaumia, akaja Steve Young, naye akampa 85. Baadaye Rice akaenda Oakland akiwa mtu mzima na akafika tena Super Bowl, fainali ya NFL. Huyo ndiye mpokeaji bora kuliko wote, sina ubishi, na Januari 1989 dhidi ya Cincinnati alidaka pasi 11 za yadi 215 akawa mchezaji bora wa fainali. Ila mtu anayeng'aa na kila mrushaji anakuambia habari zake mwenyewe, si za kombinesheni. Tena katika fainali hiyohiyo, pasi ya ushindi, zikiwa zimebaki sekunde 34, Montana alimpa John Taylor.

Manning na Harrison wanapita kipimo hiki nusu. Miaka miwili kabla ya Manning, Harrison alidaka pasi 64 na 73 kwa msimu. Mwaka 1999, msimu wao wa pili pamoja, akadaka 115. Manning naye, bila Harrison, akaenda Denver na mwaka 2013 akarusha tachidauni 55, rekodi. Yaani mmoja alimhitaji mwenzake zaidi.

Mechi za mtoano zina rekodi yake peke yake. Tom Brady na Rob Gronkowski walifikisha tachidauni 15, kisha Patrick Mahomes na Travis Kelce wakawapita Januari 2024.

Ukinilazimisha nichague, nitawakera wote wawili: Johnny Unitas na Raymond Berry wa Baltimore Colts. Tachidauni 63 tu. Usicheke kwanza. Berry, mpokeaji, alichaguliwa duru ya 20 ya drafti ya 1954, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, macho yake mabovu, na msimu wake wa kwanza, kabla Unitas hajafika, alidaka pasi 13. Unitas alitemwa na Pittsburgh mwaka 1955 akawa anacheza timu ya ndondo kwa dola 6 kwa mechi. Walipokutana Baltimore mwaka 1956 hakuna aliyekuwa anawagombania. Wakawa wanabaki uwanjani baada ya mazoezi, wawili tu, wakirudia njia zilezile. Kuanzia 1958 hadi 1960 Berry aliongoza ligi kwa kudaka miaka 3 mfululizo, na mwaka 1960 alipata yadi 1,298 katika mechi 12.

Tafuta picha za fainali ya Desemba 28, 1958, Yankee Stadium, dhidi ya New York Giants. Colts wako nyuma 17-14, dakika hazijafika 2, wameanzia yadi ya 14 upande wao. Mlinzi wa Giants, Harland Svare, anatoka nafasi yake na kusimama usoni kwa Berry ili amzibe mapema. Njia waliyokuwa wamepangiwa haifai tena. Hakuna muda wa kuitana. Ila hali hiyo walikuwa wameshaizungumza siku za nyuma: Svare akikusogelea, mdanganye kwa nje, ingia ndani. Berry akatikisa nje, akaingia ndani, na mpira wa Unitas ukamkuta palepale. Yadi 25. Kisha akampa tena, 15. Akampa tena, 22. Pasi 3 mfululizo kwa mtu mmoja, yadi 62, na Giants wote wanajua anakotupa.

Zilipobaki sekunde 7 Colts wakasawazisha kwa mkwaju wa pointi 3 kutoka yadi 20, wakashinda 23-17 kwenye muda wa nyongeza. Siku ile Berry alidaka 12, yadi 178. Ukiirudia ile ya 25, usimfuate Unitas kwa macho. Mfuate Berry, utaona Svare anavyobaki anakanyaga nje peke yake.