Mashine ya kupukuchua mahindi: nianze na hataza au na mfadhili?

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea, nipo Dumila, Kilosa. Nimebuni mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa na injini ya petroli ya nguvu farasi 6.5. Ngoma yake ina kipenyo cha sentimeta 30 mpaka kwenye ncha za pini. Puli ya injini ni inchi 3, ya ngoma inchi 8. Kipya nilichoweka ni chekeche la chini linalopanda na kushuka kwa skrubu mbili huku mashine ikizunguka, hivyo magunzi manene na membamba yanapita bila kubadilisha chekeche. Mwezi wa 8 nataka kuipeleka Nane Nane Morogoro nitafute mfadhili. Nipate kwanza hakimiliki? Na mfadhili nimwambie nini?

JIBU: Ndugu fundi, mashine usiitoe nje kwanza. Mfadhili utamfikia, lakini kuna mambo mawili yanayomtangulia, na yote mawili yanaharibika ukiyapanga vibaya.

La kwanza ni huo upya wa ubunifu wako. Kinacholinda mashine ni hataza, yaani "patent" kwa Kiingereza. Hakimiliki ni ya vitabu, nyimbo na kazi za sanaa, na husimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hataza kwa Tanzania Bara huombwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, BPRA. Sharti kubwa la hataza ni kwamba kitu kiwe hakijajulikana hadharani popote duniani siku unayowasilisha maombi. Siku unapoiwasha uwanjani Nane Nane, watu wakapiga video wakazirusha mtandaoni, umeshajitangazia mwenyewe. Misamaha ipo kwenye sheria, lakini ni finyu na inatofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo usiitegemee. Wasilisha kwanza, uonyeshe baadaye. Ikibidi mtu aione kabla ya hapo, kama mchongaji wa shafti au afisa wa benki, asaini mkataba wa kutunza siri wa ukurasa mmoja wenye tarehe, ukitaja hasa ni kitu gani anaonyeshwa.

Kabla ya kulipa ada yoyote, tafuta. Ingia Espacenet au Google Patents, hifadhi za hataza za mtandaoni, zote ni bure, uandike alama ya kundi A01F 11/06, ambayo ndiyo ya mitambo ya kupukuchua mahindi. Tenga siku mbili nzima uangalie michoro hata kama maelezo yako kwa lugha usiyoijua. Nakwambia mapema utakachokikuta: ngoma yenye pini ni ya zamani sana, na chekeche linalosogea karibu na ngoma au mbali nayo liko kwenye mashine kubwa za kuvunia miaka mingi. Usivunjike moyo. Maana yake ni kwamba huwezi kudai "mashine ya kupukuchua yenye chekeche linalorekebishwa". Unaweza kudai namna yako mahususi: skrubu mbili zimefungwa wapi, zimeunganishwaje ili pande zote mbili zipande kwa kiasi kimoja, na nini kinazuia mtikisiko wa injini usizilegeze. Kama hilo la mwisho hujalitatua, litatue sasa, maana huenda ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote.

Maombi yana maelezo, madai (sentensi zinazotaja hasa unachodai ni chako), michoro na ikisari, yaani muhtasari. Madai ndiyo yanayobeba ulinzi, na hapo ndipo mafundi wengi huumia. Ukiandika "skrubu mbili za milimita 12 zenye urefu wa sentimeta 15", jirani atatumia za milimita 14 na utakuwa huna la kumfanya. Ukiandika kwa upana kupita kiasi, yatakataliwa kwa kuwa yamegusa vilivyokuwepo. Kama una fedha ya kulipa mtaalamu sehemu moja tu, mlipe wakala wa hataza akuandikie madai. Michoro unaweza kuichora mwenyewe. Muulize pia kuhusu ulinzi wa ubunifu mdogo: unadumu muda mfupi kuliko hataza, lakini haudai hatua kubwa ya kiuvumbuzi, na kwa chekeche lako naona unakufaa zaidi. Tarehe ya maombi ya kwanza ikishapatikana, una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine bila kupoteza tarehe hiyo. Kwa soko la Malawi, Zambia, Uganda au Kenya, ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika lenye makao Harare, hupokea ombi moja ukataja nchi unazozitaka.

Lakini uelewe hataza ilivyo. Ni haki ya kumshtaki anayeiga. Kumshtaki ni juu yako na kwa gharama zako. Haitamzuia fundi wa Turiani kukopi mashine mbili.

La pili ndilo linaloleta fedha: vipimo. "Walioiona wameisifu" hakuna mfadhili anayeweza kuiweka kwenye jedwali lake. Na nikitazama puli zako, nadhani vipimo vitakuonyesha tatizo. Injini za aina hiyo huzunguka hadi mara 3,600 kwa dakika. Puli ya inchi 3 kwenda ya inchi 8 inaipa ngoma mizunguko 1,350, yaani ncha za pini zinakimbia mita 21 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya kuvunja punje. Weka puli ya inchi 15 kwenye ngoma: utapata mizunguko 720, ncha zikienda mita 11 na kidogo. Feni usiifunge kwenye shafti hiyohiyo. Ipe puli yake, la sivyo ngoma ikipungua kasi upepo nao utapungua na pumba zitabaki kwenye mahindi.

Punje zilizovunjika si suala la sura tu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinataka daraja la kwanza lisizidi asilimia 2 ya punje zilizovunjika, la pili 4, la tatu 6, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Punje iliyopasuka hushambuliwa haraka na wadudu na ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mnunuzi mkubwa anapima.

Pima hivi. Chukua kilo 100 za mahindi kwenye magunzi, pima unyevu wa punje kwa kipima unyevu, tandika turubai chini na jingine mbele ya mdomo wa feni. Jaza tangi mpaka alama. Washa, anza saa, lisha kwa mwendo wa kawaida wa kibarua, si wako wewe unayeijua mashine. Ukimaliza, pima uzito wa punje safi, kisha kwa mkono toa punje zilizobaki kwenye magunzi uzipime, na zilizorushwa na feni uzipime peke yake. Changanya punje safi vizuri, chota gramu 500, zimwage kwenye sinia jeupe utenge zilizovunjika moja moja. Gramu 10 ni asilimia 2. Mafuta yapime kwa kujaza tangi tena kwa chupa yenye alama za mililita. Hiki kipimo kifanye kwenye kazi ya saa nzima, maana kilo 100 ni chache mno. Rudia mara tatu kwa kila hali: mahindi makavu, mahindi yenye unyevu kidogo, magunzi manene, magunzi membamba. Kila mara andika skrubu ziko wapi. Fanya yote haya kwa chekeche lako, halafu kwa chekeche lililokazwa sehemu moja. Tofauti ya hizo safu mbili ndiyo thamani ya ubunifu wako, na kama haionekani, ni nafuu kujua leo.

Ukiwa na jedwali lako, peleka mashine CAMARTEC, Arusha, ambako zana za kilimo hupimwa. Ripoti yao ina uzito ambao daftari lako halina.

Usalama nao usiuache mwishoni. India, ambako mashine za kupura zilikata mikono ya watu wengi, walitunga sheria mwaka 1983, na kiwango chao kinataka mdomo wa kulishia uwe na urefu usiopungua sentimeta 90, nusu yake ikiwa imefunikwa, ili mkono usifike kwenye ngoma. Funika mikanda yote pia. Na wewe una skrubu za kugusa mashine ikiwa inazunguka: ziweke upande usio na mkanda, zenye mikono mirefu.

Baada ya hapo tengeneza mashine kumi, si mia. Kata violezo vya bati kwa kila kipande ili chekeche la mashine namba 3 liingie kwenye namba 9 bila nyundo. Ngoma ikipinda kwa joto la kuchomelea itatikisika na kuua beringi. Choma kwa kupokezana pande, kisha ipime kama uzito wake umesawazika pande zote kabla ya kuifunga. Beringi za UCP 206 kwa shafti ya milimita 30 zinapatikana mijini. Ziweke nje ya njia ya vumbi.

Bei ndiyo inayoua ubunifu mwingi. Tuchukue mfano, wewe uweke namba zako: vifaa na injini 1,100,000, kazi 200,000, umeme, vijiti vya kuchomelea na mawe ya kukatia 70,000, rangi na usafiri 80,000, akiba ya matengenezo ya dhamana 50,000. Jumla 1,500,000. Mafundi wengi huchukua vifaa, wakaongeza laki tatu, wakauza 1,400,000. Kila mashine inayotoka inawala laki moja bila wao kujua. Ukimpa wakala asilimia 10 ya bei, na wewe ukataka faida ya asilimia 20, gawanya 1,500,000 kwa 0.7. Bei ni kama 2,150,000.

Je, mteja ataimudu? Mteja wako wa kwanza ni kijana anayezunguka vijijini akipukuchua kwa gunia, mkulima wa ekari mbili atakuwa mteja wa huyo. Akipukuchua magunia 60 kwa siku kwa shilingi 2,000, anapata 120,000. Toa 50,000 za mafuta na vibarua, zinabaki 70,000. Siku 31 za kazi zinarudisha mashine. Hesabu hii ndiyo ya kumwonyesha mfadhili, pamoja na majina ya wateja waliolipa malipo ya awali. Wateja kumi wakitanguliza asilimia 40 una 8,600,000. Kutengeneza mashine kumi ni 15,000,000. Unachohitaji ni 6,400,000. Kuomba 6,400,000 ukiwa na oda kumi mkononi ni rahisi kuliko kuomba milioni 50 ukiwa na mchoro.

Kwa kiasi hicho kaulize SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani, na halmashauri yako kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo hutolewa kwa vikundi: asilimia 4 kwa vya wanawake, 4 kwa vya vijana, 2 kwa vya watu wenye ulemavu. Ruzuku za utafiti na ubunifu hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Fuatilia matangazo yao na MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Anayekudai "ada ya kukuunganisha na wafadhili" kabla ya chochote, achana naye. Akija mwekezaji na milioni 10 akitaka robo ya kampuni, ujue anasema kampuni nzima ni milioni 40 baada ya fedha yake kuingia. Amua kama unakubali. Hataza ibaki kwa jina lako, kampuni uipe leseni, na mkataba useme leseni inakoma kampuni ikifa.

Nane Nane nenda, maombi yakiwa yamepokelewa na una namba yake. Meza yako iwe na jedwali la vipimo, ripoti ya CAMARTEC ikiwa tayari, daftari la oda, na sanduku la vipuri: mikanda, beringi, pini na chekeche moja la ziada. Mteja akiliona sanduku hilo atakuuliza kwanza utamfikishiaje kipuri akiwa Gairo wakati wa mavuno, kwa hiyo uwe umeshakubaliana na duka moja la pale livitunze.