Kabla hujawasha kichujio cha MAC, chomeka kebo

Wiki hii nimemkuta kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo anazunguka meza kwa meza na daftari, ananakili MAC, yaani namba za utambulisho wa kadi za mtandao, za simu za wafanyakazi. Simu ishirini na sita, kila moja tarakimu kumi na mbili. Kazi kaifanya kwa moyo kabisa. Alipowasha kichujio, ile orodha ya MAC ambazo ruta inaziruhusu kuingia, nusu ya simu zikagoma, naye akarudi kukagua daftari upya akidhani kanakili vibaya. Hakukosea kunakili hata moja. Wadogo zangu, njia hii sisi tumeshaipita, na inaniuma kuwaona mnajikwaa kwenye jiwe lilelile.

1. Simu ya leo haiji kwenye ruta na MAC yake ya kiwandani. Android tangu toleo la 10, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, huipa kila Wi-Fi anwani ya kubuni. Tazama tarakimu ya pili ya anwani: ukikuta 2, 6, A au E, hiyo ni ya kubuni. Mwenye simu azime anwani ya faragha kwa Wi-Fi ya ofisi tu. Kwingine aiache, inamkinga asifuatiliwe.

2. Chomeka kebo kwanza. Hapa nivumilieni, maana hili niliwahi kulificha.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Ofisi ilikuwa ya mawakala wa forodha, Dar es Salaam, na ilikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Bosi alitaka wageni wasitumie Wi-Fi, nikamwambia dawa ni kichujio. Nikaingia kwenye ruta kwa Wi-Fi, nikajaza orodha, nikachagua "ruhusu waliomo tu", nikahifadhi. Ukurasa ukaganda. Laptopu yangu ilikuwemo kwenye orodha, ila niliandika MAC ya kadi ya kebo badala ya ile ya Wi-Fi. Nimejifungia nje.

Kichujio kile kilihusu Wi-Fi peke yake. Kebo ya mita moja ingenirudisha ndani kwa dakika mbili. Sikuwa nayo, na sikutaka kuomba mbele ya watu. Nikapanda kiti, nikanyoosha klipu ya karatasi, nikaiingiza kwenye kitundu cha riseti na kuhesabu hadi kumi. Taa zote zikazima, zikawaka upya, ile ya intaneti ikabaki nyekundu. Ndipo nikakumbuka kwamba ndani ya ruta kulikuwa na jina na nenosiri la PPPoE, ambavyo ruta huvitumia kuingia kwa kampuni ya intaneti, na hakuna aliyekuwa ameyaandika popote. Wala sikuwa nimehifadhi nakala ya mipangilio.

Bosi akauliza kulikoni. Nikasema kampuni ya intaneti ina hitilafu. Akawapigia mbele yangu, akaambiwa laini ni nzima. Aliniangalia tu, hakusema neno. Jumamosi yote mama mmoja wa nyaraka alikaa dirishani akipandisha hati za makontena kwa bando la simu yake, moja baada ya nyingine, ili mzigo wa mteja usianze kutozwa gharama za kuhifadhiwa bandarini. Bando hilo nilikuja kumlipa. Ule uongo sikuwahi kumwomba bosi radhi, na hadi leo nikiona taa nyekundu kwenye ruta namkumbuka.

Kwa hiyo: kebo kwenye begi, nakala ya mipangilio kwenye kompyuta, na usiguse ruta ya mtu Ijumaa jioni.

3. Kichujio si kufuli. Hata ukiwa na WPA2, ule ulinzi wa Wi-Fi kwa nenosiri, MAC husafiri hewani bila kufichwa, kwenye kichwa cha kila fremu, yaani kila kipande cha data kinachorushwa. Mtu aliyekaa kibarazani na programu ya bure ya kunasa mawimbi anaziona, anachagua moja, anaivisha kadi yake, anapita. Mlinzi halisi ni nenosiri refu la WPA2 au WPA3. Ofisi ikitaka kujua nani ameingia, wekeni 802.1X, mfumo wa kuingia ambao kila mtu ana akaunti yake. Nyumbani nako mzazi anayeizuia tableti ya mtoto kwa MAC atashangaa: anwani ikibadilika, ruta inaiona kama tableti mpya.

4. Kwenye swichi za Cisco, vile visanduku vya kuunganisha kebo za mtandao, ulinzi wa poti (tundu la kebo) ukiwashwa bila kubadilishwa huruhusu MAC moja tu na poti hujifunga ikitokea ya pili. Kwa hiyo poti ikifa ghafla, chungulia chini ya meza kama kuna mtu amechomeka kiswichi chake.

Na kijana wetu? Daftari lake halikupotea bure. MAC za printa na kamera hazibadiliki, hizo tumezitumia kuvipa vifaa IP, yaani anwani za ndani ya mtandao, za kudumu. Simu zote tumezitoa kwenye orodha. Kilichobaki ni nenosiri la Wi-Fi, ambalo limebandikwa ukutani mapokezi, kwa maandishi makubwa, tangu kabla hajaja.