Re: Ulaji wa kawaida wa watoto wa mwaka 1 hadi 3, nina data ya siku moja tu

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: umeuliza walichokula watoto kwa saa 24 za siku moja, na kwenye vitamini A wengi wanaonekana hawapati karibu chochote, wachache wamepitiliza.

Tafadhali usiandike bado kwamba wengi wana upungufu. Mtoto aliyekula maini jana, yenye vitamini A nyingi, huenda asiyaone tena mwezi mzima, kwa hiyo data ya siku moja hutanua mtawanyiko pande zote mbili: wa chini huonekana chini zaidi, wa juu huonekana juu zaidi, kuliko ulaji wao wa kawaida. Wastani wa kundi unatumika. Asilimia ya walio chini ya mahitaji, hapana.

Angalia kwanza kama kuna watoto waliohojiwa mara mbili. Kama hakuna, rudi kwa baadhi yao, siku isiyofuatana na ya kwanza. Ndipo SPADE (programu ya takwimu za ulaji) au mbinu ya NCI (Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani) itenganishe mabadiliko ya mtoto yuleyule siku hadi siku na tofauti kati ya watoto.

Ukirudi, muulize aliyemlisha. Mama akiwa shambani, bibi ndiye anayejua. Mimi huomba kikombe chenyewe cha uji, nikapima kwa maji alichopewa na alichobakiza. Wanaonyonya wachambue kando, maana maziwa ya mama hayapimiki kwa kuuliza.