Kutoka mbele ya kamera hadi kiti cha mtayarishaji: njia ya Andi Peters

Watangazaji wengi wanaotaka kuhamia utayarishaji wa vipindi hudhani kazi hiyo ni moja. Televisheni ya Uingereza inazo angalau tatu: anayetengeneza kipindi, anayekinunua kwa niaba ya kituo, na mtayarishaji mkuu anayebeba lawama. Andi Peters, mtangazaji wa Uingereza, amezifanya zote, na ndiyo maana safari yake inamfaa kila anayeshika maikrofoni leo.

Watoto wa Uingereza walimzoea kuanzia 1989, kwenye kile kijichumba cha BBC kilichoitwa Broom Cupboard, akiwa na bata wake wa kuchezesha kwa mkono, Edd. Kwa mtazamaji ilikuwa burudani, lakini mtangazaji aliyekaa mle alikuwa pia akiendesha mitambo ya sauti mwenyewe, huku akihesabu sekunde ili sentensi yake iishe pale katuni inapoanza. Baadaye, kati ya 1993 na 1996, akatangaza Live & Kicking, kipindi cha mubashara cha Jumamosi asubuhi kilichoendelea kwa saa nyingi. Hakuna shule bora ya utayarishaji kuliko hiyo.

Kwa hiyo anza na muda. Siku ambayo huna zamu, omba ukae kwenye chumba cha kuongozea matangazo, na ukae karibu na anayehesabu muda, si karibu na mwongozaji. Jifunze kuhesabu kurudi nyuma. Tuseme kipindi lazima kikatike saa 4:58 na sekunde 30. Majina ya watengenezaji yanayopita mwishoni yanakula sekunde 30, wimbo wa kufungia dakika 3, utambulisho wake sekunde 20. Basi mahojiano lazima yafungwe saa 4:54 na sekunde 40. Yakizidi, wimbo utakatwa katikati. Mtayarishaji mzuri ameshaamua kabla ya kuingia hewani ni kipengele gani kitatupwa iwapo mgeni atasema sana. Mbaya huanza kufikiri wakati huo.

Mwaka 1996 Peters aliondoka akiwa bado anapendwa, akaingia kwenye utayarishaji LWT, kampuni ya London ya mtandao wa televisheni ya kibiashara ITV. Wakati huo ulikuwa sahihi. Jina linalong'aa hufungua mlango wa ofisi ambao jina lililofifia haliufungui. Ila ndani ya ofisi jina halisomi bajeti. Isome mstari kwa mstari: studio, wafanyakazi, usafiri, chakula, uhariri, haki za muziki na picha za kumbukumbu, bima, na akiba ya dharura, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 10. Watangazaji huifuta akiba hiyo kwanza ili wapate seti nzuri zaidi. Mvua inapoharibu siku ya kurekodi nje, hakuna pa kuchota. Haki za muziki ndizo mtego wa pili: wimbo ulioruhusiwa kwa matangazo ya ndani hauruhusiwi moja kwa moja kuuzwa nje pamoja na kipindi.

Kisha akahamia kituo cha Channel 4, safari hii akiwa mnunuzi, upande wa vipindi vya vijana, ambako T4, safu ya vipindi vya vijana, ilizaliwa 1998. Tangu kianze 1982, kituo hicho kilijengwa juu ya kununua vipindi kutoka kampuni huru. Shipwrecked, iliyowaweka vijana kisiwani kuanzia 2000, ilitengenezwa na kampuni moja kati ya hizo, RDF. Ukiwa muuzaji, mpe mnunuzi ukurasa mmoja: nani yumo, kinatokea nini kila wiki, gharama ya kipindi kimoja, na kwa nini mtu atarudi wiki ya sita. Swali hilo la wiki ya sita ndilo linaloua mapendekezo mengi, kwa sababu mtangazaji huuza haiba yake badala ya muundo wa kipindi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa Top of the Pops, kipindi cha muziki cha BBC kilichoanza 1964. Peters akiwa mtayarishaji mkuu, ilizinduliwa upya na sura mpya mnamo Novemba 2003. Haikupona: Julai 2005 ikahamishiwa BBC Two, na Julai 2006 ikafungwa. Kwa maoni yetu, kumlaumu yeye peke yake si haki. Kwenye BBC One, Ijumaa jioni, ilikuwa ikigombana na Coronation Street, tamthilia maarufu ya ITV, na vijana walikuwa wameshapata chaneli za muziki za saa 24 na intaneti. Mtayarishaji anaweza kubadilisha mtangazaji, seti na mpangilio. Saa ya kurushwa hewani huamuliwa na wengine. Kabla ya kukubali kufufua kipindi cha zamani, uliza kitarushwa saa ngapi na kitapambana na nini. Ukijibiwa kwa mafumbo, kataa.

Kuna njia nyingine, ya mtangazaji mwenzake wa Uingereza Chris Evans: alianzisha kampuni yake, Ginger, iliyotengeneza kipindi cha burudani cha TFI Friday na kukinunua kituo cha redio cha Virgin Radio mwaka 1997. Mwaka 2000 kundi zima liliuzwa kwa pauni milioni 225. Tofauti ni umiliki. Ukiajiriwa, muundo uliobuni kwa kawaida ni mali ya mwajiri.

Kwa hiyo mkataba wako wa kwanza wa utayarishaji uwe na mambo matatu kwa maandishi: nani anamiliki muundo, jina na cheo chako vitaandikwaje mwishoni mwa kipindi, na ruhusa ya kuendelea kutangaza kwingine. Hiyo ya tatu usiiache. Peters mwenyewe alirudi mbele ya kamera, na watazamaji wa asubuhi wa ITV wanamwona akitangaza mashindano ya zawadi.